FitzRoy: Nahodha aliyewaonya wavuvi kuhusu dhoruba, akalipwa dhihaka

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, lakini mkazi wa Soweto West hawezi kungoja mawingu. Katika kijiji hicho kilicho upande wa magharibi wa mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, nyumba za mabati na udongo zimesongamana, mitaro ni myembamba na taka huiziba upesi. Mvua ya muda mfupi tu yatosha kuyaleta maji hadi chini ya kitanda.

Kwa mama anayeuza sukuma wiki kando ya njia, au kibarua anayetoka alfajiri kutafuta kazi ya mjengo, kujua leo iwapo kesho itanyesha ni suala la chakula cha jioni.

Ofisi zinazotoa habari hiyo haziko mbali. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, mahali ambapo mtu wa Kawangware au wa Kibera anaweza kufika kwa miguu. Hata hivyo, ukaribu wa ofisi si ukaribu wa imani. Kwa miaka mingi utabiri umepokewa kwa mizaha: redio ikitangaza mvua, kuna wanaocheka na kwenda kuanika nguo.

Mizaha hiyo haikuanzia Nairobi. Mtu anayetambuliwa ulimwenguni kuwa mwanzilishi wa utabiri wa kila siku kwa umma, Robert FitzRoy, aliionja tangu miaka ya mwanzo ya kazi yake. Alifariki mwaka wa 1865 akiwa amevunjika moyo. Ila maisha yake, na hasa yaliyotokea baada ya kifo chake, yanaeleza vyema kuliko hotuba yoyote ni nani hasa anayeuhitaji utabiri na ni nani anayeubeza.

FitzRoy alizaliwa Julai 5, 1805, huko Ampton, jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa wa mabwana wakubwa, wazawa wa Mfalme Charles wa Pili. Mamaye alifariki Robert akiwa mtoto mdogo. Alipofikisha umri wa miaka 12 alipelekwa katika chuo cha jeshi la majini mjini Portsmouth, na mwaka wa 1824 akafaulu mtihani wa uluteni kwa kupata alama zote.

Cheo cha unahodha kilimjia kwa njia ya msiba. Mnamo 1828, meli ya Beagle ilikuwa ikipima pwani za kusini kabisa mwa Amerika Kusini, mahali penye baridi kali na pepo zisizo na huruma. Nahodha wake, Pringle Stokes, alizidiwa na upweke akajitoa uhai. FitzRoy, akiwa na umri wa miaka 23 pekee, ndiye aliyekabidhiwa meli hiyo.

Haukupita muda mrefu kabla ya bahari kumpa somo ambalo hakulisahau. Mwezi Januari 1829, karibu na mdomo wa Rio de la Plata, Beagle ilipigwa na dhoruba ya ghafla. Mabaharia wawili walikufa maji na meli ikanusurika kwa tundu la sindano. Kabla ya upepo kufika, barometa, chombo kinachopima uzito wa hewa, ilikuwa imeshuka na anga lilikuwa limebadilika. Dalili zilikuwapo, aliyekosekana ni wa kuzitii. Tangu siku hiyo, nahodha huyo kijana aliiamini barometa kama mkulima anavyoliamini jembe lake.

Safari iliyomletea sifa ilianza Desemba 27, 1831. Akikumbuka kilichompata Stokes, FitzRoy alitaka mwenzi msomi wa kuzungumza naye njiani, na aliyepatikana alikuwa kijana wa miaka 22 aitwaye Charles Darwin. Meli hiyo ilizunguka dunia, ikapitia Australia, Mauritius na Rasi ya Tumaini Jema, na kurejea Uingereza Oktoba 2, 1836. Darwin alirudi na mawazo yaliyokuja kutikisa elimu ya viumbe. FitzRoy alirudi na ramani za pwani zilizotumiwa na mabaharia kwa miaka mingi.

Alikuwa mtu mwenye msimamo mkali, wakati mwingine kupita kiasi. Katika safari ya kwanza aliwachukua wenyeji wanne wa Tierra del Fuego hadi Uingereza kwa nia ya kuwafunza dini na desturi za Kiingereza. Mmoja alikufa kwa ndui, na waliorudishwa kwao hawakuwa wahubiri aliowatarajia. Baadaye, mwaka wa 1860, alisimama hadharani mjini Oxford akiwa na Biblia mkononi kulipinga fundisho la rafiki yake Darwin.

Mwaka wa 1841 alichaguliwa kuwa mbunge wa Durham, na mwaka wa 1843 akapelekwa New Zealand kuwa gavana. Huko alikuta walowezi na Wamaori wakigombania ardhi, na damu ikiwa imekwisha kumwagika bondeni Wairau. FitzRoy aliamua kwamba walowezi ndio waliokosea, nao hawakumsamehe. Malalamiko yalifika London, na mwaka wa 1845 akaitwa nyumbani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kujifunza kuwa umma unaweza kumwadhibu mtu kwa kuambiwa usilotaka kusikia.

Mnamo 1854 serikali ya Uingereza iliunda idara ndogo ya hali ya hewa chini ya Bodi ya Biashara, na FitzRoy akawekwa kuiongoza akiwa na wasaidizi wachache. Ndiyo mzizi wa shirika la taifa la utabiri la nchi hiyo hadi leo. Ikumbukwe kwamba hakuajiriwa kutabiri chochote. Alitakiwa kukusanya takwimu za pepo na mikondo kutoka kwa manahodha, ili safari za meli za biashara ziwe fupi zaidi.

Lakini yeye aliwafikiria waliokuwa wakifa karibu na nyumbani. Katika vijiji vya uvuvi vya pwani ya Uingereza na Scotland, mashua ndogo zilipotea kila majira ya baridi, na kila moja iliacha wajane na mayatima. Wavuvi hao hawakuwa na uwezo wa kununua barometa. Kwa hiyo FitzRoy alihakikisha vijiji maskini vinaazimwa vyombo hivyo ili vitundikwe mahali pa wazi, na akaandika mwongozo wa maneno mepesi ili mvuvi asiye na elimu kubwa aweze kuvisoma kabla ya kung'oa nanga.

Kisha ukaja usiku wa Oktoba 25 kuamkia 26, mwaka wa 1859. Meli ya Royal Charter, iliyokuwa ikirudi kutoka Melbourne, Australia, ikiwa imejaa abiria na dhahabu ya wachimba migodi, ilitupwa miambani katika kisiwa cha Anglesey, saa chache tu kabla ya kufika bandari ya Liverpool. Watu zaidi ya 400 waliangamia. Dhoruba hiyo hiyo ilizivunja au kuzizamisha meli 133 katika pwani za Uingereza.

FitzRoy aliketi na kukusanya taarifa za upepo na barometa kutoka kila pembe, akazichora kwenye ramani saa kwa saa. Picha iliyojitokeza ilikuwa ya kusikitisha: dhoruba ilikuwa imesafiri kutoka mahali hadi mahali, na palikuwapo waya za telegrafu ambazo zingeweza kupeleka habari mbio kuliko upepo. Watu wale walikufa hali dunia ilikuwa tayari na njia ya kuwaonya.

Hoja hiyo iliishawishi serikali. Vituo vya pwani vikaanza kumtumia FitzRoy vipimo kwa telegrafu kila asubuhi, na Februari 1861 alituma onyo lake la kwanza la dhoruba. Kwa kuwa baharia hawezi kusoma barua akiwa majini, alibuni ishara za kutundikwa mlingotini bandarini. Umbo lililochongoka juu lilimaanisha upepo mkali unatoka kaskazini. Likigeuzwa kuelekea chini, unatoka kusini. Umbo la ngoma lilionya juu ya pepo zinazobadilika. Usiku zilitumika taa. Mtu yeyote aliyekuwa na macho aliuelewa ujumbe huo.

Agosti 1 mwaka huo huo, gazeti la The Times la London lilichapisha utabiri wake wa kwanza kwa wananchi wote. Hapo ndipo heshima na balaa vilipoingia kupitia mlango mmoja.

FitzRoy alichagua kwa uangalifu neno la Kiingereza la kuiita kazi hiyo. Aliyakataa maneno yenye harufu ya unabii. Alisisitiza kuwa alichotoa ni maoni yaliyotokana na vipimo na hesabu, wala si ufunuo. Umma haukuijali tofauti hiyo. Waliokwenda kwenye mashindano ya farasi walitaka kujua kama watalowa. Hata Malkia Victoria aliwahi kutuma wajumbe nyumbani kwa FitzRoy kuulizia bahari kabla ya kuvuka kwenda Isle of Wight. Siku utabiri ulipotimia, hakuna aliyeandika barua ya shukrani. Siku ulipokosea, magazeti yalipata kichekesho cha wiki nzima, likiwamo lile lile lililokuwa likiuchapisha.

Haikuwa dhihaka pekee. Wenye mashua nyingi za uvuvi walinung'unika kwamba ishara ikipandishwa mlingotini, wafanyakazi wao hukataa kutoka, na siku nzima ya faida hupotea. Bungeni wapo waliolalamikia gharama ya telegrafu. Wanasayansi, akiwamo Francis Galton, walidai kuwa kazi hiyo haikuwa na msingi wa kinadharia, na kwamba idara ya serikali haifai kutangaza jambo isiloweza kulithibitisha.

Katika hili walikuwa na chembe ya ukweli. FitzRoy hakuwa na setilaiti, rada wala kompyuta. Alikuwa na vipimo vya vituo vichache, na dhoruba nyingi za Uingereza hutoka baharini magharibi, ambako hakukuwa na waya wala mpimaji. Alijaribu kueleza mbinu zake katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1863, lakini hakikuwanyamazisha wakosoaji.

Kufikia mwanzoni mwa 1865 alikuwa amechoka. Masikio yalikuwa yamezidi kuwa mazito, usingizi ulimkimbia, na huzuni aliyoiogopa tangu siku za Beagle ikamrudia. Asubuhi ya Jumapili, Aprili 30, 1865, nyumbani kwake Upper Norwood, kusini mwa London, alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 59. Wakati huo alikuwa na cheo cha makamu wa admirali.

Baada ya mazishi iligunduliwa kuwa alikuwa ametumia karibu mali yake yote, zaidi ya pauni 6,000, kwa shughuli za umma. Rafiki zake walichanga fedha za kuisaidia familia. Darwin, ambaye walikuwa wametengana kwa imani, alitoa pauni 100.

Wakosoaji sasa walipata nafasi yao. Mwaka wa 1866 kamati iliyoongozwa na Galton ilitoa ripoti iliyoupinga utabiri wa kila siku, nao ukasitishwa. Mwezi Desemba maonyo ya dhoruba yalifuata njia hiyo hiyo. Milingoti ya bandarini ikabaki mitupu.

Hapo ndipo ilipodhihirika FitzRoy alikuwa akimtumikia nani. Waliolalamika hawakuwa wapanda farasi wala wahariri. Walikuwa watu wa bandarini, mabaharia na wavuvi, waliotaka ishara zao zirudishwe. Walijua kwamba onyo huweza kukosea. Walijua pia kuwa siku moja bila samaki huuma, ilhali baba asiyerudi ni pigo lisilo na dawa. Mwaka wa 1867 maonyo yalirejeshwa. Utabiri kwa wananchi ulirudi mwaka wa 1879, miaka 14 baada ya kifo cha mwanzilishi wake.

Heshima kamili ilichelewa zaidi. Mwaka wa 2002, eneo moja la bahari linalotajwa kila siku katika utabiri wa redio kwa mabaharia wa Uingereza lilipewa jina la FitzRoy.

Kazi aliyoianzisha ilifika Afrika Mashariki katika enzi ya ukoloni. Mwaka wa 1929 huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilianzishwa, makao yake yakiwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ilibaki na idara yake. Vyombo vimeboreka mno tangu wakati wa telegrafu, lakini mzozo kati ya mtabiri na umma umebaki na sura ile ile.

Wakenya wanayo mifano ya kutosha. Mvua ya El Nino ya 1997 na 1998 ilibomoa madaraja na barabara, na jina hilo likawa neno la kutisha hadi vijijini. Mwaka wa 2015 El Nino ilitangazwa tena na maandalizi makubwa yakazungumziwa. Mvua ilinyesha, lakini madhara hayakufikia yale ya 1997, na wengi wakahitimisha kuwa walidanganywa.

Oktoba 2023, baada ya wiki kadhaa za maonyo, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba wataalamu walikuwa wamebadilisha makadirio na El Nino ya kuogofya haingekuwapo. Wiki chache baadaye mafuriko yaliua zaidi ya watu 100. Katika masika ya 2024 zaidi ya watu 200 waliangamia nchini, na jijini Nairobi waliokaa kando ya mito waliamriwa kuhama.

Chanzo kimoja cha kutoelewana ni lugha yenyewe. Neno utabiri katika Kiswahili hutumika kwa mpimaji wa Dagoretti Corner na pia kwa mpiga falaki na mfasiri wa ndoto. FitzRoy aliweza kuchagua neno lisilo na unabii ndani yake; Kiswahili hakikumpa mtaalamu wetu nafasi hiyo. Ndiyo sababu msikilizaji hupokea makadirio kana kwamba ni ahadi, na ahadi isipotimizwa huitwa uongo.

Mtaalamu anaposema kuna uwezekano wa asilimia 60 wa mvua, maana yake ni kwamba katika siku 10 zinazofanana na hiyo, mvua inatarajiwa kunyesha siku 6 na kukosekana siku 4. Siku kavu haimfanyi kuwa mwongo. Aidha, mvua ya Nairobi haigawanyiki sawasawa. Kibera inaweza kukaa kavu huku maji yaliyonyesha upande wa juu, Dagoretti na Msitu wa Ngong, yakiteremka kwa Mto Motoine kuelekea Bwawa la Nairobi. Anayeangalia mawingu yaliyo juu ya paa lake pekee anaweza kukutwa na mto mlangoni.

Chanzo cha pili ni njia ya kufikisha habari. FitzRoy alielewa kuwa takwimu zisizomfikia mvuvi ni sawa na takwimu zisizokuwapo. Kuanzia mwaka wa 2018, mradi uitwao DARAJA ulifanya kazi kama hiyo Kibera na Dar es Salaam, kwa kuwaunganisha watabiri wa serikali na wakazi wa mitaa ya mabanda ili habari iseme kwa maneno yanayoeleweka na ipitie kwa watu wanaoaminiwa. Magharibi mwa Kenya, huko Bunyore, wataalamu wa idara waliwahi kuketi na wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaojulikana kwa elimu ya mvua, ili wakulima wapewe kauli moja badala ya mbili zinazopingana.

Mlingoti wa siku hizi ni simu ya mkononi, redio ya mtaa, mwalimu wa shule, imamu na mchungaji. Lakini ishara pekee haitoshi. Mkazi wa Soweto West akiambiwa leo kwamba kesho kuna mvua kubwa, anaweza kuzibua mtaro, kuinua godoro na unga, kuwalaza watoto kwa jirani aliye mahali pa juu, na kununua mboga kidogo ili zisimwozee. Hawezi kujijengea mfereji mkuu wala kuuhamisha mto. Kazi hiyo ni ya serikali, nayo pia hupewa utabiri huo huo mapema.

Kwa hiyo dhihaka ielekezwe mahali pake. Mtabiri akikosea, anayepoteza mengi si yule anayecheka akiwa chini ya paa la zege. Wavuvi wa mwaka wa 1867 waliliona hilo, wakadai warudishiwe onyo lenye kasoro kuliko kuachwa na bahari isiyo na onyo lolote. Kwa mtu ambaye nyumba yake ina mabati pekee kati yake na mvua, hesabu hiyo haijabadilika.